Misalaba kwa Kilo: Katika Njia ya Wapagazi, Dodoma hadi Iringa

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Iringa unapita Mlowa Barabarani, Manzase na Fufu, kisha nchi inaanza kuteremka kuelekea Mtera. Lami ni nzuri. Ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa vumbi na makorongo sasa ni ya saa chache. Mibuyu inapita dirishani, mbuzi wanapisha njia, na abiria wengi wanalala.

Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walikwenda Iringa kutoka hapa kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani au begani, na wengi wao hawakurudi makwao. Njia yao haikulingana kila hatua na barabara hii ya leo, lakini ilivuka nchi hii hii, mto huu huu na vilima vile vile. Nimeifuata kwa sababu ya jambo linaloniuma. Watu waliotumikia vita katika nyanda hizi za kati walizikwa bila alama, kizazi kilichofuata kikajitahidi kuweka alama zake chenyewe, na sasa alama hizo zinang'olewa makaburini na kuuzwa kwa kilo.

Dodoma ya wakati ule ilikuwa stesheni changa. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika hapo karibu mwaka 1910, ikasonga hadi Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa Kigoma, miezi michache kabla ya vita kulipuka. Mwaka 1916 jeshi la Jaap van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyekuwa chini ya Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, lilishuka kutoka upande wa Arusha na kuingia Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili. Mvua zikalikamata huko. Chakula kikawa haba, farasi wakafa kwa mamia, na mwezi Mei Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akalishambulia usiku, akarudishwa nyuma. Tarehe 29 Julai van Deventer akaiteka Dodoma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti, kikosi cha Waingereza kilichotoka kusini chini ya Edward Northey kikaingia Iringa.

Hapo ndipo taabu ya njia hii ilipoanza. Reli ilikuwa Dodoma, wapiganaji walikuwa Iringa na mbele yake, na katikati kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori. Magari yalikuwa machache. Ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o. Kisha mvua za mwanzo wa 1917 zikanyesha kupita kawaida, Ruaha Mkuu ukafurika, na magari machache yaliyokuwepo yakazama kwenye matope. Kilichobaki kilikuwa shingo ya binadamu.

Msomaji anaweza kujipigia hesabu ya maofisa wa jeshi. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 anatembea kilomita 20 kwa siku. Kwenda Iringa na kurudi kunamchukua karibu siku 26. Posho yake, hata ikiwa kilo moja tu ya unga kwa siku, inamaliza mzigo wote kabla hajarudi Dodoma. Kwa hiyo ili mfuko mmoja wa unga umfikie askari Iringa, ilibidi watu wengi wapangwe kwa vituo, kundi hili likabidhi lile, na kila kundi lilishwe. Pale unga ulipopungua, aliyepunguziwa kwanza alikuwa mbebaji. Unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi uliopikwa nusunusu, kwa watu waliozoea uwele na mtama, nao ukawaharibu matumbo. Kuhara, homa ya mapafu na malaria viliua wapagazi wengi kuliko risasi.

Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza walichukua watu karibu milioni moja kubeba mizigo. Wengine walitoka Kenya, ambako msako mkubwa wa wanaume uliendeshwa mwaka 1917. Wengine walitoka Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Wengi walikamatwa hapa hapa Tanganyika, Ugogo ikiwemo, mara tu bendera ya Mjerumani iliposhushwa. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Mwingereza peke yake hawapungui 95,000, na wengine huhesabu laki moja na zaidi. Upande wa Mjerumani nao ulikuwa na wapagazi wake, wanaume, wanawake na hata watoto, na hao kumbukumbu zao ni chache zaidi.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps, hadi leo. Majina hayo hutajwa kila siku, na wengi wanaoyataja hawajui wanawataja wafu.

Mwaka ule ule ambao wapagazi walikuwa wakianguka kati ya Dodoma na Mto Ruaha, huko London iliundwa tume ya kutunza makaburi ya vita ya Dola ya Uingereza. Hati yake ilitolewa tarehe 21 Mei 1917. Msingi wake ulikuwa wa haki na mpya kwa zama zile: kila aliyekufa atatajwa kwa jina, juu ya jiwe la kaburi au juu ya ukuta wa ukumbusho, bila kutofautisha cheo, rangi wala dini. Jemadari na kuruta wangelala chini ya jiwe la aina moja.

Huku kwetu msingi huo haukufika. Mwaka 1923 gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), Gordon Guggisberg, aliiambia tume kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Mawazo kama hayo yalitawala pia mipango ya Afrika Mashariki. Makaburi ya Wazungu yalikusanywa, yakazungushiwa uzio, yakawekewa mawe yenye majina. Ya wapagazi na ya askari wengi wa Kiafrika yaliamuliwa yaachwe yarudi kuwa pori. Badala ya majina ilitolewa sanamu. Ile ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, ilisimamishwa mwaka 1927, na wenzake wako Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Juu ya jiwe lenyewe hakuna jina hata moja.

Ilichukua karibu miaka 100 tume hiyo kukiri. Ripoti yake iliyotolewa Aprili 2021 ilisema watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Nilisoma habari zile nikiwa Dodoma, na swali langu la kwanza lilihusu walio hai: je, familia za watu hawa zilikuwa wapi miaka yote hiyo, na kwa nini zenyewe hazikuweka alama?

Jibu kwa upande wa Ugogo linaitwa Mtunya. Mzee yeyote wa Chamwino au Mvumi aliyekulia kwa bibi yake amelisikia jina hilo. Ni njaa iliyodumu kuanzia 1917 hadi 1920. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe na nafaka, kwanza Mjerumani akiondoka, kisha Mwingereza akiingia. Wanaume wenye nguvu ya kulima walikuwa njiani na mizigo. Halafu mvua ikakatika, na homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa mifupa mitupu. Kati ya watu wapatao 150,000 wa eneo hilo, karibu 30,000 walikufa. Wapo waliohamia nchi za jirani, na wapo waliowaweka watoto wao kwa watu wenye chakula ili wasife.

Kwa desturi ya zamani ya Wagogo, mwenye kaya alizikwa nyumbani kwake, kwenye zizi la ng'ombe au karibu nalo. Kaburi lake halikuhitaji maandishi. Watoto walilijua, walimwaga pombe na maji hapo wakati wa tambiko, na mji ukihama kumbukumbu ilibaki kwa walioishi karibu. Alama ya kaburi ilikuwa watu. Mtunya ikawafagia watu hao. Aliyefia njiani kama mpagazi hakuwa na zizi la kuzikiwa, na aliyebaki nyumbani hakuwa na nguvu ya kuchimba. Kwa hiyo serikali haikuandika jina, na wale ambao wangelikumbuka bila kuandika walikufa pia. Sijui msiba unaozidi huo kwa ukoo.

Waliozaliwa baada ya Mtunya walikua wakiwa na hofu hiyo. Vita vya pili vilipokuja, Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000. Vijana wa nyanda za kati walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma, na wengi walirudi wakiwa wamejifunza kusoma, kuendesha gari na kushona viatu. Baadhi yao waliajiriwa Kongwa kwenye ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Walipozeeka, familia zao hazikuwazika kimya. Nyingi zilikuwa za Kikristo kufikia hapo, na alama zilizowekwa ni za aina moja karibu kila kijiji cha barabara hii: kitako cha saruji, msalaba wa nondo au wa bomba uliochomelewa na fundi wa mjini, na kibao cha bati au cha chuma chenye jina, mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa, tarehe ya kufa, na kwa walioitunza, namba ya jeshi.

Babu yangu mzaa baba ni mmoja wao. Alikuwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akafika Burma. Amezikwa katika kijiji kilicho kando ya barabara hii, na msalaba wake ulikuwa wa nondo. Siku moja ulikutwa haupo. Kitako cha saruji kilikuwa kimevunjwa kwa nyundo ili mguu wa chuma utoke mzima, na misalaba ya makaburi mengine ya jirani ilikuwa imeondoka usiku huo huo. Shangazi yangu, ambaye ndiye anayepalilia pale, aliniambia hivi: "Baba, sasa napalilia kwa kukisia. Najua yuko kati ya hawa watatu. Nikimwombea huyu naogopa nimemruka yule."

Watu husema chuma ni chuma, kaburi bado lipo. Lakini yapo mambo katika familia yetu ambayo yalikaa katika kile kibao tu. Medali za Vita vya Kwanza alizopewa askari wa KAR zilichongwa jina na namba ukingoni. Za Vita vya Pili, Waingereza walizitoa bila jina. Kwa hiyo medali ya babu, ambayo iliuzwa zamani katika shida ya ada ya shule, hata ikipatikana leo mahali fulani Ulaya katika kabati la mkusanyaji, hakuna kitakachoonyesha kwamba ilikuwa yake. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa. Namba yake ya jeshi ilibaki juu ya kaburi peke yake, na hakuna aliyeinakili. Bila namba hiyo, kumtafuta katika kumbukumbu za KAR ni kumtafuta mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu, wengi wakiwa na majina yanayofanana na yaliyoandikwa na makarani wasiojua Kigogo.

Pale kijijini msalaba ulikotoka hakuna kificho cha jinsi biashara inavyokwenda. Kijana ana gunia. Anakusanya masufuria yaliyotoboka, vyuma vya baiskeli, mabati ya zamani, na akikosa hivyo anaangalia kisichokuwa na mlinzi. Kuna kibanda chenye mizani, wanakiita kwa skrepa. Mwenye mizani anapima, analipa taslimu, haulizi mzigo umetoka wapi. Mzigo ukijaa lori linakuja, unaenda kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma, na mwisho wake ni nondo mpya dukani. Kwa msalaba mwembamba aliyeung'oa hapati zaidi ya pesa ya kula siku ile. Njaa yake naielewa, na sitaki jela zijazwe vijana wa aina yake. Mwenye mizani simwelewi. Yeye ana mtaji, ana leseni au anatakiwa kuwa nayo, na anapoona kibao chenye jina la marehemu na maneno ya maombi yaliyochongwa kwa patasi, anajua kabisa ameshika nini.

Hili si la barabara yetu peke yake. Makaburi ya Kinondoni jijini Dar es Salaam yamelalamikiwa miaka mingi kwa misalaba, vyuma na marumaru kuibwa. Wakala wa barabara, TANROADS, hulia kila mara kwa alama za barabarani zinazong'olewa. Uingereza nako, katika miaka ya 2010 na kitu, bei ya shaba ilipopanda, vibao vya majina ya waliokufa vitani vilianza kutoweka kwenye minara ya ukumbusho mijini na vijijini. Waingereza wakaamua kumbana mnunuzi. Sheria yao ya mwaka 2013 ya wafanyabiashara wa vyuma chakavu huko England na Wales inakataza kulipa taslimu kwa chuma chakavu na inamlazimisha mnunuzi kuhakiki jina na anwani ya anayemuuzia. Kwetu kanuni za taka hatarishi zinamtaka mfanyabiashara wa vyuma chakavu awe na kibali kupitia baraza la taifa la mazingira, NEMC. Ni mwanzo mzuri. Kinachokosekana ni mtu wa kufika kwenye kibanda cha mizani kijijini na kuuliza daftari la mauzo liko wapi.

Kuna uharibifu mwingine unaofanana na huu, nao una wanunuzi wake. Katika sehemu nyingi za nchi wapo wanaochimba maboma na makaburi ya wakoloni wakitafuta mali ya Mjerumani. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: mwaka 1916, walipozingirwa, Wajerumani walifua Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa sarafu moja. Lakini hakuna jeshi linalokimbia likazika dhahabu yake chini ya kila jiwe lenye maandishi. Kinachopatikana ni mifupa, na jiwe lililovunjwa. Hata wafu wa waliotutawala wana watoto na wajukuu, na jiwe lao ni ushahidi wa historia yetu sisi.

Barabara inafika Mtera. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 pale Ruaha Mkuu unapokutana na Kisigo, na siku hizi mitambo yake inatoa umeme wa megawati 80. Daraja ni juu ya ukuta wa bwawa. Upande mmoja ni maji hadi macho yanapochoka, wavuvi na miti mikavu iliyosimama ndani ya maji. Bonde ambalo wapagazi walilivuka mwaka 1917, wengine kwa kamba na wengine kwa kuzama, sehemu yake iko chini ya maji hayo. Hapa hakuna kaburi la kutafuta tena. Nilisimama kidogo, kisha nikaendelea Migoli, Izazi, na kupanda Nyang'oro, ambako hata basi linashusha gia.

Iringa mjini kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ile ile ya Uingereza. Yamo ya Waingereza na Waafrika Kusini, yamo na ya Wajerumani. Mawe yamesimama sawa, nyasi zimekatwa, majina yanasomeka. Sikuona uchungu kuyatazama. Kijana wa miaka ishirini aliyefia Iringa kwa malaria mwaka 1917 hakuwa na hatia ya ubaguzi wa ofisi za London, na mama yake alistahili kujua alipolala. Nilichoona pale ni kwamba jambo hili linawezekana. Mvua ni ile ile, mchwa ni wale wale, vijana wenye magunia wapo pia Iringa. Tofauti ni kwamba kuna orodha, kuna uzio, na kuna mtu anayelipwa mshahara kuyaangalia.

Jeshi letu nalo limeonyesha linaweza. Kaboya, mkoani Kagera, wamezikwa zaidi ya wanajeshi 600 wa vita vya 1978 hadi 1979, na makaburi yao yana majina na yanatunzwa na JWTZ. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa. Ilikuwa katika maadhimisho ya siku hiyo, mwaka 2016, hapa Dodoma, ambapo Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma.

Tangazo lile limebadilisha nchi hii, na ndilo linalofanya suala la alama za makaburi lisingoje. Mji umepanuka pande zote. Viwanja vimepimwa mahali palipokuwa mashamba ya uwele, barabara za mzunguko zimechongwa, reli ya kisasa imepita, mji wa serikali umejengwa Mtumba. Kila mradi wa namna hiyo unakutana na makaburi. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka taarifa itolewe, inayowatambua ndugu wa marehemu na kuwapa haki ya kulipwa gharama za kuhamisha na kuzika upya. Lakini ili ndugu atambuliwe ni lazima kaburi litambulike kwanza. Mpimaji anapofika na kukuta kitako cha saruji kilichovunjika, bila jina, familia tatu zinadai na hakuna ya kuthibitisha. Nimeona ndugu wa damu moja wakifikishana kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya hilo. Msalaba uliouzwa kwa bei ya sahani ya ugali uligharimu ukoo amani yake.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1968, makaburi 660 ya Vita vya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa kupisha barabara mpya. Yaliyokuwa na mawe yenye majina yalihamishwa moja moja, kila mtu na jiwe lake. Yale ya sehemu ya Waafrika na Waasia hayakuwa yamewekewa alama ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo masalia yao yalizikwa tena kwa pamoja, katika makaburi ya jumla. Kukosa alama mwaka 1918 kulimaanisha kukosa kaburi la peke yako mwaka 1968.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haitoi kinga ya moja kwa moja kwa makaburi haya. Inalinda majengo na maziko ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji waziri ayatangaze. Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la kuvamia maeneo ya maziko, ila kesi hufunguliwa pale tu mwizi anapokamatwa na msalaba mkononi. Kwa maoni yangu panahitajika mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Halmashauri zipige marufuku ununuzi wa msalaba, kibao au uzio wa kaburi kama chuma chakavu, na mnunuzi atakayekutwa navyo anyang'anywe kibali. Na wapimaji wa ardhi waorodheshe makaburi kwa majina, wakiwa na wazee wa kijiji, kabla ya kuchomeka bikoni ya kwanza.

Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita vya Kwanza wakitumikia jeshi barani Afrika bila kubeba silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mbao ya mvule, yenye jina lake. Majina hayo yalipatikana katika makaratasi yaliyokuwa yamesahaulika kwenye hifadhi za nyaraka. Kenya nako utafiti katika kumbukumbu za zamani za jeshi umeanza kutoa majina. Ya wapagazi wa Ugogo, Ubena na Uhehe hayatapatikana London peke yake, kwa sababu wengi hawakuandikwa kikamilifu hata siku walipokamatwa. Yako katika vinywa vya watu wa barabara hii.

Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa vijiji, mapadri, wachungaji na mashehe, kutoka Mlowa Barabarani hadi Nyang'oro, wafungue daftari. Liandikwe jina la marehemu, la baba yake, kijiji alikotoka, kikosi au kazi aliyofanya, mwaka alioondoka, mahali alipozikwa kama panajulikana, na majina ya waliozikwa jirani naye. Nakala moja ibaki kanisani au msikitini, moja ofisi ya kijiji, na moja ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo chake Dodoma. Na kama kaburi la kwenu bado lina kibao, kipige picha leo na uinakili namba iliyopo. Watoto wa wapagazi walio hai wamebaki wachache sana. Waulizwe kiangazi hiki, baada ya mavuno, wakati watu wako nyumbani.